Kuku Si Kiti

Madaftari sitini na matatu mezani.
Vitabu vya kusomea kumi na vinne,
viwili havina majalada, kimoja kimeonjwa na mbuzi:
hivyo ndivyo tufundishavyo Kiingereza hapa Muyeye.
Kalamu nyekundu inavuja. Imepaka kidole,
imepaka leso, imeingia hadi kwenye chai.

Insha: Mnyama Nimpendaye.
Mbeyu, akaaye penye dirisha lisilo kioo,
ameandika habari za tembe wake mwekundu:
ametaga mayai tisa, amemfukuza kenge,
usiku wa mvua hulala mvunguni mwa bibi.
Kila mstari, kuku huyo ni *hi*.
Kila mstari, nachora duara,
juu yake naandika *iti*.

Jana nilimwita mezani.
"Mwanamume ni hi, mwanamke ni shi,
asiyekuwa mtu ni iti."
"Kiti ni iti?"
"Iti."
"Na jiwe?"
"Iti."
"Na kuku?"
Nikasema iti.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Mwalimu, kuku ana roho. Kuku si kiti."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka.
Kwetu kuku anaanguka, kiti kinaanguka,
na mtoto wa miaka mitatu hakosei.
Lugha yetu humuuliza mtu na mdudu
swali moja tu mlangoni: unapumua?
Hii nyingine huuliza: una ndevu?
Ndiyo maana Thoya aliandika mamake hi
na babake shi, ukurasa mzima,
na babake, bawabu wa hoteli, ajuaye kusoma,
akaja shuleni na daftari limekunjwa kwapani.

Thoya huyo huyo, alasiri, ufukweni,
huuza bangili kwa Kitaliano.
Hupandisha bei kwa Kitaliano, hutania,
huapa kwa kaburi la babu yake, kwa Kitaliano.
Akikosea, mteja hucheka, naye hucheka,
bangili zikaenda.
Darasani hufumbua mdomo,
akaiona kalamu yangu,
akaufumba.

Na ile *k* ya kisu chao,
iketiyo mbele pasi kusema neno
kama shemeji aliyenuna karamuni?
Miaka kumi na saba nawaambia: ikaririni.
Sijui ilikosana na nani.

Mimi nilivishwa kibao shingoni,
kamba ya katani, kwa kusema "nimechoka".
Nilikaa nacho hadi Ijumaa.
Shingo ilipona.
Ila ndipo nilipojua kunyamaza kwa lugha mbili.

Leo jioni, nje ya duka la Kasuarina,
nimesimama na nyanya zangu mfukoni,
mama mmoja Mwingereza anamvuta mbwa wake,
anamwambia mwenye duka: shi hapendi joto.
Shi. Mbwa.
Nikasahau chenji yangu.
Kumbe wao pia wanajua.
Kumbe wao pia, wakipenda, humtoa mnyama
kwenye safu ya viti na mawe.
Kitabu ndicho hakijui.
Mtihani haujui, wala hautajua Novemba,
maana mtihani nao ni iti.

Nimerudi kwenye daftari la Mbeyu.
Nakata iti ya kwanza, naandika shi,
kwa kuwa ametaga, hilo hata mimi nitalidai.
Nakata ya pili. Ya tatu.
Wino huu haufutiki. Ukurasa umekuwa
kama sakafu ya mahali alipochinjwa mtu.
Pembeni nataka kuandika kitu,
nashika kalamu, sipati ni kwa lugha gani.
Nampa saba. Nakata. Nane.

Asubuhi atalifungua, atahesabu makosa,
ataona mengine si yake.
Atanyoosha mkono, namjua,
na mimi sijatunga jibu.